Kipimo Kisichotajwa: Majaribio ya Mifumo ya Mafaili katika Ukubwa Tofauti wa Bloku na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafafanua tatizo linalowakabili waandaaji wa programu za kupima mifumo ya mafaili katika kompyuta: jaribio lililoandikwa kwa kudhani kwamba bloku ina baiti 4096 hutoa majibu ya kupotosha linapoendeshwa kwenye mfumo wenye bloku za ukubwa mwingine. Makala inaeleza bloku ni nini, kwa nini ukubwa wake hutofautiana, ni makosa ya aina gani huzuka, na ni mbinu zipi hutumika kuyasahihisha. Aidha, inaonesha kwamba sehemu ya tatizo hili ni ya lugha: neno moja hutumika kwa vizio vinne tofauti bila kizio kutajwa. Hoja kuu ni kwamba katika uundaji wa istilahi za teknolojia, wingi wa visawe si hatari kubwa kama neno moja lenye vipimo vingi. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kwa waundaji wa istilahi na kwa washauri wa sera wanaosimamia ununuzi wa seva na uhifadhi wa nyaraka za kidijitali.

1.0 Utangulizi

Mnunuzi wa viazi anayetajiwa bei ya gunia huuliza kwanza: gunia lipi? Wakulima na wachuuzi wa Afrika Mashariki wanaifahamu vyema lumbesa, yaani gunia lililoshonewa nyongeza na kujazwa kupita kiasi, ambalo mamlaka za vipimo nchini Tanzania zimelipiga vita kwa miaka mingi. Lumbesa huitwa gunia, na gunia la kawaida huitwa gunia. Neno ni lile lile ila uzito haulingani. Anayepata hasara ni yule aliyekubali bei kabla ya kuuliza kipimo.

Hali kama hiyo imo ndani ya kompyuta, mahali ambapo watumiaji wengi hawafiki. Mfumo wa mafaili, yaani sehemu ya programu endeshi inayopanga data kwenye diski na kuirejesha inapohitajika, hugawa nafasi ya diski katika mafungu yanayoitwa bloku. Wataalamu huandika majaribio ya kuthibitisha kwamba mfumo huo haupotezi wala kuchanganya data. Kwa miaka mingi majaribio hayo yaliandikwa na kuendeshwa kwenye mashine ambazo bloku zake zina baiti 4096. Namba hiyo ilizoeleka mno hata ikaacha kutajwa kama sharti. Majaribio yale yale yalipoanza kuendeshwa kwenye mashine zenye bloku za baiti 65536, mengine yalishindwa ingawa mfumo wa mafaili haukuwa na kosa. Mengine yalifaulu ilhali hayakupima chochote.

Kundi hili la pili ndilo linaloipa mada uzito. Miongoni mwa majaribio hayo yamo yale yanayochunguza iwapo faili lililokwisha kuhifadhiwa linabaki salama umeme unapokatika ghafla. Taasisi zinazohifadhi rekodi za sauti, kongoo za matini na nyaraka za umma katika ukanda huu zinajua maana ya umeme kukatika. Zinategemea jibu la jaribio ambalo hazikuliandika, na ambalo pengine halikuendeshwa kwenye mashine inayofanana na yao.

2.0 Bloku na Ukubwa Wake

Bloku ni kiasi kidogo kabisa cha nafasi ambacho mfumo wa mafaili humgawia mwenye faili. Mfumo wenye bloku za baiti 4096 ukipewa faili lenye herufi moja, hulitengea kwa kawaida bloku nzima, na nafasi iliyosalia ndani yake hubaki tupu. Ni sawa na muuzaji wa mchele asiyepima chini ya kibaba: anayetaka nusu kibaba atachukua chombo kizima.

Ukubwa wa bloku huamuliwa siku mfumo unapoundwa kwenye diski. Mfumo wa XFS huruhusu bloku za kuanzia baiti 512 hadi 65536. Mfumo wa ext4 huruhusu bloku za baiti 1024, 2048, 4096 na zaidi pale mashine inaporuhusu. Ukubwa wote huo ni kipeo cha mbili, kwa hiyo ukubwa mdogo hugawanya mkubwa bila baki. Sifa hii itakuwa na umuhimu baadaye katika mjadala wa mbinu za kusahihisha majaribio.

Kinachozuia uhuru huo wa kuchagua ni kipimo kingine, nacho ni ukurasa wa kumbukumbu. Prosesa hupanga anwani za kumbukumbu kwa kurasa. Katika kompyuta za kawaida za mezani na za mapajani zenye prosesa za jamii ya x86, ukurasa una baiti 4096. Prosesa za jamii ya ARM za biti 64 huweza kutumia kurasa za kilobaiti 4, 16 au 64, kilobaiti moja ikihesabiwa kuwa baiti 1024. Seva zenye prosesa za Power zinazoendesha Linux zimezoea kurasa za kilobaiti 64. Kwa muda mrefu Linux haikuruhusu bloku kuwa kubwa kuliko ukurasa, na XFS ilivuka mpaka huo katika toleo la 6.12 la mwaka 2024. Mfumo wa Btrfs, ulioingizwa katika Linux mwaka 2009, ulikuwa na sharti kali zaidi: kwa miaka mingi fungu lake la msingi la data lilipaswa kulingana kabisa na ukurasa wa mashine. Diski iliyoundwa kwenye mashine ya kurasa za kilobaiti 4 haikuweza kusomwa kwenye mashine ya kurasa za kilobaiti 64. Sharti hilo lilianza kulegezwa hatua kwa hatua mwaka 2021.

Kwa hiyo suala la ukubwa wa bloku lilijitokeza kwa nguvu pale mifumo hii ilipohamishiwa kwenye prosesa zisizo za x86. Leo suala hilo linagusa watu wengi zaidi. Simu zinazotumia Android, kuanzia toleo la 15 la mwaka 2024, zinaweza kutengenezwa kwa kurasa za kilobaiti 16, na seva za ARM zinapatikana kwa urahisi katika huduma za kukodi kompyuta kwa njia ya intaneti. Dhana kwamba ukurasa na bloku vina baiti 4096 kila mahali haishikiki tena.

3.0 Jinsi Majaribio Yanavyofanya Kazi

Mkusanyo wa majaribio unaotumiwa zaidi katika Linux unaitwa xfstests. Ulianza katika kampuni ya SGI kwa ajili ya XFS pekee, kisha ukapanuliwa na kuhudumia ext4, Btrfs na mifumo mingine. Jina lake limebaki na herufi za mfumo mmoja ingawa sasa ni mali ya wote. Majaribio yake yamepangwa katika makundi: yapo ya jumla yanayofaa mfumo wowote, na yapo mahususi kwa mfumo mmoja.

Jaribio moja kwa kawaida lina sehemu mbili. Ya kwanza ni skripti fupi yenye amri: unda mfumo kwenye diski ya majaribio, andika data fulani mahali fulani, fanya tendo linalochunguzwa, kisha chapisha hali ya faili. Ya pili ni faili lenye tokeo la mfano, yaani maandishi yanayotarajiwa kuchapishwa neno kwa neno. Chombo kinachoendesha majaribio hulinganisha tokeo halisi na la mfano. Yakilingana, jaribio limefaulu. Herufi moja ikitofautiana, jaribio limeshindwa. Kuna pia jibu la tatu: jaribio linaweza kujitangaza kwamba halikuendeshwa kwa sababu mazingira hayana kinachohitajika.

Utaratibu huu una faida kubwa, kwani mtu yeyote anaweza kusoma tokeo la mfano na kuelewa kilichotarajiwa. Lakini ndani yake mna mtego. Tokeo la mfano ni picha ya mashine moja kwa siku moja. Kila namba iliyomo humo imebeba ukubwa wa bloku wa mashine hiyo, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ndivyo ilivyo.

4.0 Aina Tatu za Majibu ya Kupotosha

4.1 Kushindwa kwa sababu ya namba

Aina ya kwanza ndiyo rahisi kutambua. Chukua jaribio linaloandika baiti 4096 mwanzoni mwa faili, kisha likarefusha faili hadi megabaiti moja bila kuandika kitu. Sehemu isiyoandikwa huitwa shimo. Jaribio linauliza mfumo: shimo la kwanza linaanzia wapi? Kwenye bloku za baiti 4096 jibu ni 4096. Kwenye bloku za baiti 65536 jibu ni 65536, kwa kuwa bloku nzima imekwisha kugawiwa. Majibu yote mawili ni sahihi, lakini tokeo la mfano linalijua moja tu.

Hali ni hiyo hiyo pale jaribio linapochapisha ramani ya vipande vya faili. Zana inayotumika mara nyingi huhesabu ramani hiyo kwa vizio vya baiti 512. Faili lenye bloku moja ya kilobaiti 4 huonekana likienea kutoka 0 hadi 7. Lenye bloku moja ya kilobaiti 64 huenea kutoka 0 hadi 127.

4.2 Kushindwa kwa sababu ya sharti au nafasi

Aina ya pili hutokea pale tendo lenyewe linapokataliwa. Baadhi ya mifumo huruhusu mafaili mawili kushiriki bloku zile zile hadi mojawapo litakapobadilishwa. Tendo hilo hudai kwamba mahali pa kuanzia pawe kwenye mpaka wa bloku, na urefu vilevile uishie kwenye mpaka, isipokuwa unapofika mwisho wa faili. Jaribio linaloagiza kushiriki kuanzia baiti ya 4096 linaagiza jambo halali kwenye bloku za kilobaiti 4. Kwenye bloku za kilobaiti 64, mahali hapo ni katikati ya bloku, na mfumo hurudisha ujumbe kwamba ombi si halali. Mfumo umetenda inavyopasa, nalo jaribio linaripoti kushindwa.

Nafasi nayo huleta tatizo lake. Tuseme jaribio linaunda mafaili 10,000, kila moja likitengewa bloku moja. Kwa bloku za kilobaiti 4, data yote inachukua kilobaiti 40,000, yaani takriban megabaiti 39. Kwa bloku za kilobaiti 64, inachukua kilobaiti 640,000, sawa na megabaiti 625. Diski ya majaribio yenye megabaiti 512 itajaa kabla ya kazi kwisha.

4.3 Kufaulu bila kupima

Aina ya tatu haionekani katika ripoti yoyote. Tuseme msanifu wa jaribio anataka faili lililokatika vipande vingi ili kuchunguza jinsi mfumo unavyoorodhesha vipande hivyo. Anaandika baiti 4096 mara 100, kila andiko likianza baiti 8192 baada ya lililotangulia. Kwenye bloku za kilobaiti 4, anapata bloku 100 zilizotenganishwa na mashimo 99. Kwenye bloku za kilobaiti 64, kila bloku hupokea maandiko kadhaa, na faili zima huishia kuwa na bloku 13 zilizofuatana bila shimo hata moja. Iwapo jaribio linakagua tu kwamba data inasomeka ilivyoandikwa, litafaulu. Hali iliyokusudiwa kuchunguzwa haikutokea kabisa.

Hatari hii huwa kubwa zaidi katika majaribio ya kukatika kwa umeme. Majaribio hayo huweka kati ya mfumo na diski kifaa bandia ambacho, kikiamriwa, hutupa kila kinachoandikwa, kana kwamba umeme umezimika. Baadaye mfumo hufunguliwa upya na faili hukaguliwa. Mengi ya majaribio haya yaliandikwa baada ya kosa halisi kugunduliwa, na kosa hilo mara nyingi lilihitaji mpangilio mahususi: bloku fulani imeandikwa, inayofuata ni shimo, ya tatu imeandikwa upya. Mpangilio huo ukitoweka kwa sababu bloku ni kubwa, kosa linaweza kurudi na jaribio lisitambue. Ripoti itaonesha alama ya kufaulu, na faili la mtu litapotea.

5.0 Mbinu za Kusahihisha

Tangu katikati ya miaka ya 2010, juhudi za kuyafanya majaribio haya yafae kila ukubwa wa bloku zimeongezeka, hasa kwa ajili ya Btrfs kwenye mashine za kurasa za kilobaiti 64. Mbinu zilizotumika zinaweza kugawanywa katika makundi manne.

Mbinu ya kwanza ni kuuliza badala ya kudhani. Skripti husoma ukubwa wa bloku kutoka kwenye mfumo uliopo, kisha hukokotoa kila mahali na kila urefu kwa kuuzidisha. Badala ya kuagiza kuandika kwenye baiti ya 8192, inaagiza kuandika kwenye bloku nambari 2. Nusu ya bloku huandikwa kama nusu ya bloku, si baiti 2048. Kwa maana baiti 2048 ni nusu tu pale bloku ina baiti 4096. Kwenye bloku za baiti 1024 hizo ni bloku mbili kamili, na kwenye bloku za baiti 65536 ni sehemu moja ya thelathini na mbili.

Mbinu ya pili hukamilisha ya kwanza kwa upande wa tokeo. Haitoshi kuandika kwa bloku ikiwa matokeo yatachapishwa kwa baiti. Kwa hiyo huwekwa kichujio kati ya zana na tokeo, ambacho hugawanya kila namba kwa ukubwa wa bloku na kuchapisha nambari ya bloku. Zana maarufu ya kuonesha yaliyomo ndani ya faili huchapisha mahali kwa mfumo wa namba wa kizio cha nane: baiti ya 4096 huonekana kama 0010000, na baiti ya 65536 huonekana kama 0200000. Msomaji asiyejua huisoma ya kwanza kama elfu kumi. Baada ya kuchujwa, zote mbili huwa bloku ya 1, na tokeo moja la mfano hufaa mashine zote. Pale jaribio lilipochapisha muhtasari wa kihesabu wa yaliyomo, ambao hubadilika kila urefu wa faili unapobadilika, huwa bora kulinganisha muhtasari wa kabla na wa baada ya tendo kuliko kuuandika muhtasari wenyewe katika tokeo la mfano.

Mbinu ya tatu ni kuchagua kizio kikubwa kinachogawanyika kwa vyote. Kwa kuwa kila ukubwa wa kuanzia baiti 512 hugawanya 65536 bila baki, jaribio linalotumia vizuizi vya kilobaiti 64 litakuwa kwenye mpaka wa bloku katika mashine zote zilizotajwa. Mbinu hii ni rahisi, na tokeo hubaki na namba zisizobadilika. Hasara yake ni kwamba kilobaiti 64 ni bloku 16 katika mfumo wa kilobaiti 4. Jaribio lililokusudia kugusa bloku moja sasa linagusa kumi na sita, na kosa linalojificha kwenye mpaka wa bloku moja linaweza kuponyoka.

Mbinu ya nne ni kukiri mpaka. Yapo majaribio ambayo kwa asili yake yanahusu ukubwa mmoja. Hayo yanapaswa kukagua mazingira na kujitangaza kwamba hayakuendeshwa, yakitaja sababu. Ni jibu la kweli kuliko kufaulu kusiko na maana. Hata hivyo, likitumiwa kwa uvivu, orodha ya yasiyoendeshwa hurefuka hadi mashine za aina fulani zikabaki karibu bila kupimwa.

Hakuna mbinu inayoshinda nyingine katika kila hali. Ya kwanza na ya pili zikiunganishwa huhifadhi kusudi la jaribio kwa ukamilifu zaidi, ila skripti hujaa hesabu na huwa nzito kusoma. Kwa sababu hiyo, kanuni moja inapaswa kusimamia zote: jaribio lililorekebishwa halina budi kuendeshwa tena kwenye toleo la zamani la Linux ambalo bado lina kosa lililokusudiwa, na lionekane likishindwa. Jaribio lisiloweza tena kushindwa pale panapostahili halijasahihishwa, bali limenyamazishwa.

Aidha, kuna njia ya kuchunguza sehemu ya tatizo bila kuwa na mashine ya gharama. Mhandisi mwenye kompyuta ya kawaida yenye kurasa za baiti 4096 anaweza kuunda mfumo wenye bloku za baiti 1024. Hapo ukurasa mmoja utabeba bloku nne, kila moja ikiwa na hali yake. Ni hali ya jamii moja na ile ya bloku za kilobaiti 4 kwenye kurasa za kilobaiti 64, ambako ukurasa mmoja hubeba bloku kumi na sita. Kwa idara za sayansi ya kompyuta katika vyuo vya ukanda huu, hili ni zoezi linalowezekana leo, kwa vifaa vilivyopo.

6.0 Neno Moja, Vizio Vingi

Maelezo yaliyotangulia yanaweza kuonekana kuwa ya wahandisi peke yao. Lakini ukichunguza chanzo cha makosa, unakuta neno. Katika fani hii, "bloku" hutumika kwa angalau vitu vinne. Kwanza, ni fungu la nafasi ambalo mfumo wa mafaili hugawa. Pili, ni fungu ambalo diski yenyewe husoma na kuandika, ambalo kwa desturi lilikuwa baiti 512 na katika diski nyingi za miaka ya karibuni ni baiti 4096. Tatu, ni kizio cha kuripoti. Nne, katika mazungumzo yasiyo makini, huweza kumaanisha hata ukurasa wa kumbukumbu, kwa vile kwenye mashine nyingi ukubwa wao umelingana.

Maana ya tatu inastahili kutazamwa kwa makini. Mwito wa mfumo unaotoa taarifa za faili katika Linux hurudisha jibu lenye sehemu mbili zinazotaja bloku. Moja inaeleza ukubwa wa bloku unaofaa kwa kusoma na kuandika, aghalabu 4096. Nyingine inaeleza idadi ya bloku zilizogawiwa, na hapo bloku ni ya baiti 512, bila kujali mfumo wa mafaili unatumia ukubwa gani. Anayezidisha sehemu hizo mbili kwa kudhani kwamba neno moja lina maana moja, hupata jibu lililozidi mara nane. Amri ya kupima matumizi ya diski nayo, kwa kiwango cha POSIX, huhesabu kwa vizio vya baiti 512, ilhali toleo la GNU huhesabu kwa 1024 lisipoelekezwa vinginevyo.

Mijadala ya usanifishaji wa istilahi za Kiswahili imejishughulisha sana na visawe. Je, ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Ni mjadala halali, hasa katika jumuiya inayovuka mipaka ya nchi. Lakini visawe hivyo vitatu vyote vinarejelea kitu kimoja. Mwanafunzi wa Nairobi akisema tarakilishi na wa Dodoma akisema kompyuta, hakuna data itakayopotea. Hali ni tofauti pale neno moja linaporejelea vipimo vinne. Hapo wazungumzaji wawili wanaelewana kikamilifu, kila mmoja kwa maana yake, na tofauti hujitokeza pale tu kazi inapoharibika.

Kiswahili kina uzoefu wa jambo hili. Saa mbili ya Kiswahili na saa mbili ya ratiba ya ndege za kimataifa zinaandikwa kwa maneno yale yale, na msafiri asiyeuliza huachwa. Wazee wa pwani nao walipotaja pishi, walijua kwamba ni vibaba vinne. Uhusiano wa vizio ulikuwa sehemu ya maarifa ya neno. Hilo ndilo linalokosekana katika orodha nyingi za istilahi za teknolojia: neno hutolewa pamoja na kisawe chake, lakini uhusiano wake na vizio vya jirani hautolewi.

Kiswahili kina nafasi nzuri hapa kwa sababu istilahi za ngazi hii ya kompyuta bado hazijakita mizizi. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionesha, kwa toleo la Jambo OpenOffice la mwaka 2004, kwamba programu za ofisini zinaweza kuzungumza Kiswahili. Tabaka la chini zaidi, la mifumo ya mafaili na majaribio yake, halijashughulikiwa kwa kiwango hicho. Inawezekana basi kutenganisha tangu mwanzo kile ambacho lugha nyingine zimekichanganya. Makala hii inapendekeza mgawanyo ufuatao: sekta kwa fungu la diski, bloku kwa fungu la mfumo wa mafaili pekee, ukurasa kwa fungu la kumbukumbu, na kizio cha ripoti kwa kipimo ambacho zana hutumia kuchapisha hesabu. Kila moja liingizwe katika kamusi pamoja na ukubwa wake wa kawaida, nani anauamua, na uhusiano wake na mengine matatu.

7.0 Mapendekezo

Kwa taasisi za istilahi, likiwemo Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pendekezo la kwanza ni kwamba istilahi za vipimo zishughulikiwe kwa makundi badala ya neno moja moja. Kamati inayosanifisha "bloku" isimalize kazi kabla ya kuamua "sekta" na "ukurasa", na iwe na mhandisi anayeweza kusema ni wapi maneno hayo hugongana.

Kwa washauri wa sera, pendekezo la pili linahusu ununuzi. Taasisi ya umma inaponunua seva au kukodi nafasi ya kuhifadhi nyaraka, mkataba udai ripoti ya majaribio inayotaja mambo matano: aina ya prosesa, ukubwa wa ukurasa, ukubwa wa bloku, idadi ya majaribio yaliyofaulu na kushindwa, na idadi ya yale ambayo hayakuendeshwa pamoja na sababu zake. Ripoti isiyotaja vipimo viwili vya kati inafanana na bei ya gunia isiyotaja kilo. Sharti hili halihitaji fedha za ziada, kwani taarifa hizo zote zinapatikana kwenye mashine iliyoendesha majaribio.

Pendekezo la tatu linawahusu walimu wa vyuo. Zoezi la kuchukua jaribio moja lenye namba 4096, kuliandika upya kwa bloku, na kuthibitisha kwamba bado linakamata kosa lake, linafundisha kwa pamoja uhandisi, uandishi na nidhamu ya vipimo. Likifanywa na kuelezwa kwa Kiswahili, litazalisha matini ambazo waundaji wa istilahi wanazihitaji: matini za watu wanaofanya kazi, wala si orodha za maneno.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza jinsi namba moja iliyozoeleka ilivyogeuka kuwa sharti lisiloandikwa katika majaribio ya mifumo ya mafaili, na jinsi sharti hilo lilivyofichuka pale mashine zenye kurasa na bloku kubwa zilipoanza kutumika. Imeonesha kwamba kushindwa kwa uongo huudhi, lakini kufaulu kwa uongo ndiko kunakopoteza data. Mbinu za kusahihisha zipo na zimefanyiwa kazi: kuuliza ukubwa, kuchuja matokeo, kuchagua kizio cha pamoja, na kukiri mpaka pale inapobidi. Zote zinadai kwamba kipimo kitajwe. Dai hilo hilo linawahusu waundaji wa istilahi. Iwapo kamusi za Kiswahili zitatenganisha bloku, sekta, ukurasa na kizio cha ripoti kabla ya matumizi kuchanganyika, mhandisi atakayeandika jaribio kwa lugha hii ataanza kazi akiwa na swali sahihi: bloku ya ukubwa gani?